Kichwa ni cha Mkono Uliovua

Kambi ya Barabara, Mikumi
11 Juni, 1972

Dada yangu Domina,

Shikamoo, na kama umesimama keti, maana anayekuamkia leo ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kati ya Kilosa na Iringa. Shikamoo ya pili mfikishie Mama. Ya tatu iweke akiba, kwa sababu najua una hasira na mimi na hutapokea zaidi ya moja.

Miezi mitano kimya, najua. Lakini subiri usikie nilikuwa napanda ngazi gani. Unamkumbuka yule Mzungu mpima barabara niliyekuwa nambebea mkoba, mwenye ndevu nyekundu? Basi amenifanya mkuu wa uvuvi wa kambi nzima. Usicheke. Hapa tuko watu mia mbili, na kila Ijumaa meza ya wakubwa inataka samaki, na samaki hao wanatoka katika mkono mmoja tu, nao ni wa mdogo wako.

Jumamosi iliyopita, kule Mto Ruaha, nimemvuta perege mpana kama sinia la pilau. Wapishi wawili ndio waliombeba. Nasema wawili, mmoja alijaribu akaomba msaada. Na sikutumia mnyoo, wala panzi, wala tonge la ugali. Nimetumia bati! Kipande cha bati kinachong'aa, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kina ndoana mkiani. Unakitupa, unakivuta, perege mwenyewe anakuja. Hapa hakuna tena anayeniita Anselmi. Ni Fundi Bati asubuhi, Fundi Bati jioni.

Dada, dunia nimeiona. Nimekula meza moja na watu wa makabila ambayo hata mwalimu wetu wa darasa la nne hakuyajua. Nimekunywa chai isiyo na sukari, nimepewa jibini linalonuka kama soksi za gadi wa treni, na vyote nimemeza bila kukunja uso, nikasema asante sana. Habari ya kuoa usiniletee bado. Mwanamke wa kuolewa na mimi inabidi aandaliwe kwanza, bahati kama hii inaweza kumwangusha.

Habari za nyumbani? Mama anaendeleaje na magoti yake? Kijiji cha ujamaa kimetulia? Mathayo bado ni balozi wenu wa nyumba kumi, au filimbi imemchosha mapafu?

Kazi imenikaba, nikipata nafasi nitakuja. Samahani kwa mwandiko, naandika juu ya goti ndani ya lori linalotembea.

Ni mimi mdogo wako,
Anselmi (Fundi Bati)


Munisagara
3 Julai, 1972

Mdogo wangu Anselmi,

Marahaba. Nimepokea moja kama ulivyosema. Ya akiba nimekurudishia, utaihitaji.

Sisi tupo. Mahindi ya bondeni tumevuna, ya shamba la kijiji bado. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Mathayo mapafu yake ni mazima, anapiga filimbi kila siku saa kumi na mbili asubuhi utadhani treni inaondoka na sisi ndio makuli. Marehemu Baba aliyefanya kazi ya genge la reli miaka ishirini angefufuka akashike sururu.

Sasa soma polepole. Niliandika barua mbili kambini kwako, Machi na Aprili, na hukujibu hata moja. Mwezi wa Machi Mama alianguka jikoni. Tulipomwinua, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, na maneno yalimtoka kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Mganga wa zahanati alisema ni kiharusi. Leo anasema vizuri kidogo na anatembea mpaka uani. Kumeza ndiyo kazi. Nyama ni ngumu, na hata hivyo iko wapi? Maharage anayatema. Mganga akasema mpeni samaki. Tumempa. Lakini hapa Mkondoa tunapata vijiperege vya ukubwa wa kiganja, miiba mitupu. Wiki iliyopita mwiba ulimkwama. Nilimpiga mgongoni mpaka nikalia mimi.

Anachohitaji ni perege mkubwa, ambaye mwiba wake unauona kwa macho na kuutoa kabla haujafika mdomoni. Na wapo. Maji yamepungua, tunawaona kwenye dimbwi chini ya daraja la reli, wanapita kama vivuli vya sahani. Mnyoo hawaugusi. Nyavu zinakamatwa na mizizi zinachanika.

Barua yako ilipofika nikamsomea. Nilipofika kwenye sinia la pilau, Mama alicheka. Tangu Machi sijamwona akicheka, kwa hiyo sitakuuliza kama ni kweli. Alisema, "Mwite aje na mkono wake huo." Basi nakuita. Kutoka Mikumi mpaka Kilosa ni treni moja, kutoka Kilosa mpaka hapa ni nyingine. Njoo hata siku mbili. Mvulie mama yako samaki, kisha urudi kwenye meza yako ya wakubwa.

Na hilo lori halina breki? Wewe ulikuwa unaandika vizuri kumshinda mwalimu. Hii ya sasa ni kama kuku kakanyaga wino akakumbuka amesahau kitu nyuma.

Ni mimi dada yako,
Domina


Mikumi
23 Julai, 1972

Dada Domina,

Shikamoo. Hii ipokee yote, nakuomba.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Zile mbili za nyuma sikuziona, naapa kwa kaburi la Baba. Mpe Mama pole ambayo siwezi kuiandika. Mwambie Fundi Bati anamsalimu, na kwamba yule perege wa sinia alikuwa na mdogo wake aliyekimbia.

Kuja sasa haiwezekani. Lami inatakiwa ifike mbali kabla ya mvua, mpima bila mimi hali samaki, na bila samaki hapimi vizuri, barabara itakwenda kombo mpaka Zambia. Lakini sikuachi mikono mitupu. Ndani ya kiberiti hiki, anachokuletea gadi wa treni, kuna chambo cha bati chenyewe, na mshipi mwembamba. Fungua polepole, ndoana haina adabu.

Sasa sikiliza, maana maneno haya watu hawayapati bure. Sahau njaa. Wewe na mimi tumezoea samaki wa njaa, yule anayefuata mnyoo. Perege mkubwa ameshiba siku nyingi. Yeye haumi kwa njaa, anauma kwa hasira. Dume huchimba nyumba yake kwenye mchanga, duara kama sahani, anaifagia kwa mkia mpaka inakuwa nyeupe, na hataki mgeni. Kitu kidogo kinachong'aa kikipita mlangoni pake kinachechemea, hajiulizi kama kinaliwa. Anakipiga ili kitoke. Hapo ndipo anapokutana na ndoana.

Kwa hiyo tafuta kwanza hizo sahani mchangani, karibu na mizizi. Usitupe chambo juu ya kichwa chake, atakimbia usimwone mpaka Krismasi. Tupa mbele zaidi, upande wa pili wa nyumba. Kiache kizame, hesabu mpaka tano. Halafu vuta taratibu kipite mlangoni. Vuta, acha. Vuta, acha. Kikiachwa kinaanguka kama kitu kinachokufa, na hapo ndipo hupigwa. Majike yenye mayai mdomoni hayatauma, usipoteze muda nayo. Kaa chini, kivuli chako kisiguse maji. Saa nzuri ni asubuhi, jua likishaingia mtoni lakini halijachoma.

Fimbo ya mpima yenye gurudumu huna, na hapo Munisagara hakuna wa kukuazima. Zungushia mshipi kwenye kopo la maziwa. Kopo unashika kwa mkono wa kushoto, mdomo wake ukielekea majini, chambo unakizungusha kwa mkono wa kulia, unakiachia, mshipi unatoka kwenye kopo wenyewe. Inataka mikono miwili, hakuna njia nyingine.

Na hili nakuambia mara mbili: usiwe na haraka. Usiwe na haraka. Mwenye pupa na samaki atajuta.

Mwambie Mama nakuja. Siku sijui. Mwambie nakuja.

Mdogo wako,
Anselmi F.B.


Munisagara
21 Agosti, 1972

Mdogo wangu,

Marahaba, nimepokea yote.

Hapa hatujambo kwa kiasi. Yule mbuzi mmoja aliyebaki anachezacheza. Jua ni kali, dimbwi limekuwa safi mpaka unahesabu mawe chini.

Kiberiti kilifika. Nimevua siku kumi na moja. Nimekamata mti wa ng'ambo mara nne, khanga yangu mara mbili, na Mathayo mara moja. Usicheke mpaka umalize kusoma. Saa nzuri ya perege uliyonipa ndiyo saa ya kazi ya shamba la kijiji. Siku ya tano Mathayo akanifuata mpaka darajani.

"Domina, shamba la wenzako limekukosea nini?"

"Halijanikosea kitu, ndugu balozi. Mama anataka kula."

"Kila mtu ana mama."

"Basi kila mtu aje mtoni."

"Na huko mtoni kwenyewe unavua kwa bati, bila chambo! Watu wanasema. Mwanamke anakaa peke yake anavuta bati majini, anawaita nani?"

Nikakasirika, nikazungusha kwa nguvu, nikaachia vibaya. Chambo kilirudi nyuma kikamvua kofia, kikaipeleka katikati ya dimbwi. Akaiangalia inavyoelea, akasema, "Wewe unavua samaki au unavua viongozi?" Kisha akacheka mpaka akakaa. Tumepatana. Asubuhi navua, mchana wenzangu wakipumzika mimi napalilia kipande changu peke yangu. Jua lenyewe unalijua.

Lakini perege bado. Sahani zao nimeziona, saba, nyeupe kama zimeoshwa kwa majivu. Natupa mbele, nahesabu, napitisha mlangoni. Dume anakuja, analiangalia bati, anarudi. Sasa nieleze kitu ambacho hukuandika. Akiuma, kidole kinasikia nini? Kwa mnyoo najua, kuna kugonga. Kwa bati sijui. Mara tatu mshipi umekuwa mzito kidogo, nikadhani ni jani, na nilipovuta nikakuta gamba kwenye ndoana. Wewe uliyevua mamia utaniambia kwa neno moja.

Nilikuficha jambo, nalo nitalisema sasa kwa kuwa limenikaa kooni. Mkono wa kulia wa Mama umekufa. Umelala tu pajani kama wa mtu mwingine. Anakula kwa kushoto, Anselmi. Mama yetu, aliyekuwa anatupiga kofi tukigusa chungu kwa mkono wa kushoto. Hali tena mbele ya mtu. Nikimwekea chakula anageukia ukutani, na nikikaa hali mpaka niondoke. Anakonda kwa haya kuliko kwa ugonjwa.

Juzi alisema, "Anselmi asije akaniona hivi." Jana akauliza treni ya Kilosa imepita saa ngapi. Kwa hiyo akisema usije, usimsikilize. Njoo.

Domina


Mikumi
9 Septemba, 1972

Dada,

Shikamoo. Salamu kwa Mama na kwa mbuzi.

Barua nimeipata. Habari ya mkono wa Mama nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Leo sina utani.

Ulichouliza cha kidole: hakuna kugonga. Mpima anasema ni kama mshipi umeacha kuwa wako. Ulikuwa unauvuta wewe, ghafla hauko na wewe. Usikurupuke hapo. Mdomo wa perege ni mdogo, ukinyakua unamtoa ndoana. Kaza tu mshipi, mwache ageuke kurudi nyumbani, atajinasa mwenyewe.

Na kama analiangalia bati halafu anarudi, basi linang'aa mno kwa maji hayo. Lipake masizi ya chungu upande mmoja, liwe linawaka na kuzimika. Mpima alikuwa anafanya hivyo kiangazi.

Mwambie Mama mkono ni mkono. Mwambie mimi nimesema hivyo.

Siku ya kuja usiniulize tena, dada.

Anselmi


Munisagara
16 Oktoba, 1972

Mdogo wangu Anselmi,

Marahaba. Mbuzi amekusikia. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kidete, wazee wanasema mvua mwaka huu itawahi. Bibi wa nyumba ya tatu amefariki, tumemzika Jumanne.

Perege nimempata.

Nilipaka masizi upande mmoja kama ulivyosema. Nikachagua dume mmoja tu, mwenye nyumba yake kando ya nguzo ya daraja, nikaacha wengine wote. Siku tatu nilikwenda kwa huyo huyo. Siku ya kwanza alikuja akarudi. Ya pili alikigonga chambo kwa kichwa. Ya tatu nikatupa, nikahesabu tano, nikavuta, nikaacha, na mshipi ukaacha kuwa wangu. Maneno yako hayo hayo. Niliogopa, Anselmi. Nilikaza, akageuka, kopo likanitoka mkononi likaenda linaruka kwenye mawe, nikaukamata mshipi kwa viganja vyote viwili na umenikata, hapa ninapoandika vina vitambaa. Nilisahau kukaa, nilisahau kivuli, nilikuwa majini mpaka kiunoni nikimwita Baba. Mathayo alisikia kelele akaja anakimbia na shamba zima nyuma yake. Huo ndio ukawa mwisho wa kazi ya ujamaa siku hiyo.

Si sinia la pilau. Ni sahani. Lakini sahani imejaa mpaka kingoni.

Nilimpika kwa nyanya na chumvi tu. Nikatoa miiba mmoja mmoja, mikubwa kama sindano za kushonea magunia. Mama aligeukia ukutani kama kawaida. Nikatoka nikasimama nyuma ya mlango. Baada ya muda nikamsikia ananiita, na nilipoingia alikuwa amegeuka, ameukabili mlango, anakula kwa kushoto, mchuzi unamtiririka mkononi, wala hajali. Alisema, "Kaa ule." Nimekaa nikala na mama yangu. Tangu Machi.

Sasa kuna habari ya kichwa. Unakumbuka sheria ya Baba: nyama ni ya nyumba nzima, kichwa ni cha mkono uliovua. Nilikiweka pembeni nikile mimi, si nimevua mimi? Mama akakivuta kwake. "Mkono uliovua ni wa Anselmi," akasema. "Wewe umeshika kopo tu." Viganja vyangu vinatoka damu, nimeshika kopo tu! Hakutaka kusikia. Alikiweka juu ya moto siku tatu, anakigeuza mwenyewe kwa kushoto, mpaka kikakauka vizuri.

Siku ya nne akapita rafiki yako Lupakisyo, anatoka likizo anarudi kambini. Ndiye anayekuletea barua hii na hicho kichwa. Mama alimkalisha, akampa uji. Akamwuliza, "Mkono wa mwanangu haujambo?" Lupakisyo hakusikia, naona sikio lake moja limekufa. Mama akarudia. Lupakisyo akayaangalia mafiga, akasema, "Anselmi hajambo, mama."

Mama aliuliza mkono, yeye akajibu mtu.

Mama hakuona kitu. Mimi nimeona. Usiku huo nilizitoa barua zako zote nikazipanga mkekani, na sikuziangalia maneno. Niliangalia mwandiko tu. Nina mawazo mawili, yote mabaya, na sitayaandika.

Mama anasema ukishakula umwandikie kama chumvi imetosha.

Domina


Mikumi
29 Oktoba, 1972

Dada Domina,

Shikamoo.

Kichwa kimefika. Kimekaa juu ya sanduku langu siku sita, sijakigusa. Kama chumvi imetosha sijui. Lupakisyo alikataa hata kunifungulia kifurushi. Alisema, "Fungua mwenyewe kwa meno, halafu uwaandikie uongo hao walionituma." Siku zote hizi ndiye anayenipikia, na siku zote amenisihi niseme. Basi nasema. Mawazo yako mawili sijui ni yapi, lakini chukua lile baya zaidi.

Mpima aliondoka Januari, kazi yake imekwisha, amerudi kwao. Miaka miwili nilimbebea mkoba, kila Jumamosi nilikaa nyuma yake juu ya mawe nikimwangalia. Kila neno nililokuandikia ni lake. Fimbo yake sikuwahi kuishika ila kuifuta maji. Kile chambo kilimnasia kwenye mti akakikata akakiacha, mimi nikapanda nikakitoa.

Alipoondoka nikaanza mdomo wangu. Unaujua. Nikawaambia watu wa kambi kwamba siri yote ya yule Mzungu ninayo mimi, nitawaletea perege wa kulisha watu mia mbili. Wakasema tuone. Nikaenda mtoni siku tatu na kile chambo. Nilikivuta kwa pupa, nilisimama wima, nilitupa juu ya vichwa vyao, yote nisiyopaswa kufanya nilifanya, kwa sababu nilitaka wa sinia siku ile ile. Sikupata hata gamba. Na kambini walikuwa wanasubiri na masufuria.

Basi nikaiba baruti ya kuvunjia mawe. Nilifikiri nitaokota samaki, niwatoboe midomo kwa ndoana, niseme ni bati. Lupakisyo nilimburuta mimi, hakutaka. Utambi niliukata mfupi, kwa haraka ile ile. Sikuwahi kuitupa, ikalipuka.

Mkono wa kulia haupo, dada. Umeishia juu kidogo ya pale tulipokuwa tunavaa saa za majani. Lupakisyo alipoteza sikio. Nililala hospitali mpaka Mei, ndiyo maana barua zako hazikuniona. Na samaki walioelea walikuwa vijisamaki vidogo vidogo, vya kidole, vimetapakaa juu ya maji kama majani ya mpunga. Hakuna aliyeviokota.

Wakubwa hawakunishtaki, walinihurumia au walinidharau, sijui. Wamenipa kulinda rundo la kokoto. Kokoto haziibwi. Hakuna anayeniita Fundi Bati. Jina hilo nilijipa mwenyewe, ndani ya barua ile ya Juni, ambayo niliiandika siku tisa. Hapakuwa na lori. Nilikuwa najifundisha kuandika kwa kushoto, na nilitaka barua ya kwanza ya mkono huu iwe na habari njema. Sikuwa nayo, nikaitunga. Ukaniambia Mama amecheka. Ningeanzaje kumnyang'anya?

Nakuja Jumamosi na treni. Uje stesheni wewe, mzigo wangu siwezi kuubeba na kushuka ngazi pamoja. Mama mwambie kabla sijafika, mimi mdomo wangu siuamini tena. Mwambie asigeukie ukutani kwa ajili yangu. Atatenga chungu kimoja, na sote wawili tutatia mkono wa kushoto, na asiyetaka kuona atoke nje.

Kichwa narudi nacho. Utakula wewe, mbele ya Mama, na asibishe. Viganja vilivyokatika ni vyako, mkono uliovua ni wako. Mimi perege sijapata kuvua hata mmoja.

Anselmi